Babu Amekataa

Pale Ilomba, katika miaka ile ya hamsini, hakukuwa na mwanamke wa kanisani aliyesonga ugali bila kulikumbuka kapu. Kabla unga haujaingia kwenye maji, alichota konzi moja akaitia katika kijikapu kilichoning'inia karibu na mafiga. Konzi moja tu, wala si ya mtu mwenye kiganja kikubwa. Jumamosi vijikapu vyote vilikwenda kwa Marta, mwenyekiti wa Chama cha Kapu, na unga ukapelekwa sokoni Uyole, ukarudi ukiwa kitambaa cha sare, au madaftari, au bati mbili za kuziba paa la mjane. Haba na haba hujaza kibaba, watu wengi husema hivyo na kuishia hapo. Akina mama wa Ilomba walikijaza.

Mtoto aliyesomeshwa na kapu, akirudi likizo, alikuwa na kazi moja: kuwakalisha akina mama kivulini kwenye ukuta wa kanisa na kuwafundisha kusoma. Ndivyo Marta, bibi wa wajukuu saba, alivyojifunza kuandika jina lake, na tangu siku hiyo akawa analiandika hata mahali pasipohitaji jina.

Tupokigwe alikuwa ametia konzi yake kapuni kwa miaka tisa. Alitia hata mwaka ule wa njaa, japo konzi yenyewe ilikuwa ya aibu, na Marta akaipokea kwa mikono miwili kama ya wengine. Kwa hiyo zamu ya binti yake Esta ilipofika, hakuna aliyesema Tupokigwe amesaidiwa. Walisema kapu limemfikia.

Esta alikuwa amemaliza darasa la nne akiwa wa pili, katika darasa la wavulana thelathini na mmoja na wasichana wanne. Mbele yake ilikuwapo shule ya kati ya wasichana, huko Iringa, ya kulala hukohuko. Chama cha Kapu kilikuwa na wenzao wa kule, akina mama wa Mlandege, ambao waliwapokea mabinti wakishuka kwenye basi, wakawalaza usiku mmoja, wakawafikisha shuleni na kuwatembelea Jumapili ili wasilie sana. Ilomba walitoa sare mbili, sanduku, sahani na blanketi la kijivu lenye mstari mwekundu. Jembe mtoto alitoka nalo nyumbani, maana shule zile zililimisha.

Hapo kwenye jembe Tupokigwe aliguna kidogo. Lake lilikuwa limelika mpaka likawa kama mwiko. Jembe zuri la marehemu mumewe, Mika, lilibaki ng'ambo ya kijito, nyumbani kwa baba yake Mika. Jembe la marehemu huliombi ovyo, sembuse kwa mtu ambaye huwezi kumwambia hata neno moja.

Na hapa lazima nieleze, maana bila hili hakuna kisa. Kwa Wanyakyusa, mke wa mwanao humtazami, naye hakutazami. Hamkai pamoja, hampishani njiani, na jina la mkwe halimtoki mkamwana mdomoni hata akiwa ndotoni. Akitokea huku, wewe unapotelea kule. Wengine baada ya kubatizwa walilegeza kamba, lakini mzee Asukile alikuwa mtu wa heshima zake, na Tupokigwe vilevile. Mzee alikwenda kanisani ibada ya asubuhi, mkamwana akaenda ya mchana, hivyo hata Mungu walimwomba kwa zamu. Kijito kilichotenganisha nyumba zao kilikuwa chembamba, mbuzi anakiruka, lakini kwa miaka kumi na minne wawili hao hawakuwahi kukivuka pamoja wala kusemezana. Mika akiwa hai, maneno yalipita kwake. Mika alipofukiwa na shimo la dhahabu huko Lupa, Esta akiwa na miaka mitatu, maneno yakapita kwa Esta. "Mwambie babu mahindi yake yameliwa na ng'ombe." "Mwambie mama nimeona, na ng'ombe wenyewe ni wangu."

Ndiyo maana watu wa Ilomba walinong'ona kwamba mzee hatakubali. Akimwachia Esta aende Iringa, nani atakuwa mdomo wake?

Sasa akina mama wa Mlandege walikuwa na sharti lao. Mwaka uliotangulia, baba mdogo wa binti mmoja alimfuata shuleni katikati ya muhula, akamrudisha nyumbani akaolewe, na shule ikasema ikitokea tena haitapokea mtoto wa kapu lolote. Tangu hapo, katibu wao, Mama Evarista Kalinga, alifika mwenyewe kila mwaka kuziona familia, na kusikia kwa masikio yake mzazi na mzee wa upande wa baba wakikubali. Alikuwa Mhehe wa mjini, mwenye viatu vya kamba na daftari jeusi, mwepesi wa kuamua na mwenye huruma nyingi. Vitu hivyo viwili vikikutana katika mtu mmoja, kaa mbali.

Siku aliyofika Ilomba, Marta alikuwa ameitwa kwa jirani aliyeshikwa na uchungu wa kuzaa, hivyo Esta ndiye aliyemwongoza mgeni. Tupokigwe aliwaona wakivuka kijito kuelekea kwa mzee, naye akabaki upande wake, ndani ya migomba. Mzee alikuwa nje, ameketi juu ya gogo, anachonga kitu kwa kisu.

"Kamwene, mzee!" Mama Evarista alisalimu kwa Kihehe chake, kisha akaendelea kwa Kiswahili. "Nimekuja kwa habari ya mjukuu wako. Unakubali aende kusoma Iringa?"

Mzee Asukile aliweka kisu chini, akafungua kinywa. Tupokigwe, kule migombani, alitega sikio.

Lakini Mama Evarista alipenda mambo ya pamoja. Kabla mzee hajatoa neno, aligeuka, akaona kanga katikati ya migomba, akapunga mkono. "Mama Esta! Mbona umejificha? Njoo huku tuzungumze sote!"

Mgeni wa heshima akikuita, unafanyaje? Miguu ya Tupokigwe ilitoka hatua mbili kabla akili haijaishika. Mzee akainua macho. Palepale aliruka kutoka kwenye gogo, akajifunika shuka kichwani, akatimka nyuma ya nyumba kwa mbio ambazo hakuna aliyejua kwamba bado anazo. Tupokigwe naye akajitupa chini, uso ndani ya kanga, magoti matopeni, akatulia hivyo.

Esta alibana kicheko kwa viganja viwili. Mama Evarista alimtazama mama aliyelala matopeni, kisha mahali mzee alipopotelea. "Basi," alisema hatimaye, kwa sauti ya chini. "Nimeona mwenyewe." Akaandika kitu katika daftari, akaenda zake kwa haraka.

"Mgeni anasemaje?" Tupokigwe alimwuliza binti yake, akijipangusa matope.

"Anasema ameona."

"Ameona nini?"

"Ameona tu, mama."

Tupokigwe alicheka kwa haya, akasema angalau ameona kwamba hii ni nyumba yenye heshima. Wiki nzima ile alishona na kuimba. Alikunja blanketi na kulikunjua mara nyingi mpaka Esta akamwomba aliache lisije likachakaa kabla ya safari.

*

Jumamosi ya safari, mnamo saa mbili asubuhi, Marta aliingia uani akihema, kijikaratasi mkononi. Kilikuwa kimetoka Uyole, ambako Mama Evarista alilala kwa ndugu zake akisubiri basi la saa sita.

"Tupokigwe, kaa chini kwanza."

"Nisomee nimesimama."

Marta akasoma, kidole kikifuata kila neno. "Esta binti Mika. Nimelifuta jina lake. Babu amekataa, tena kwa ukali, na mama mtu nimemwona kwa macho yangu akigaagaa chini kumsihi. Nisingependa kumwongezea mateso. Nafasi nairudisha Mlandege, Jumatatu watamchagua mtoto mwingine. Poleni sana."

Esta alikuwa ameshavaa sare. Hakulia. Aliketi juu ya sanduku lake, mikono magotini, akatazama ukuta, na hilo lilimuumiza mama yake kuliko kilio.

"Kugaagaa!" Tupokigwe alisema. "Mimi nimegaagaa? Nilikuwa nampa heshima yake!"

"Mimi najua, na wewe unajua," Marta alisema. "Yule ametoka Iringa. Lakini niambie, mzee alijibu nini?"

Tupokigwe aligeuka kutazama ng'ambo ya kijito. Hapo ndipo alipokumbuka. Mzee hakujibu. Wiki nzima ameimba na kushona kwa jibu ambalo halikutolewa. Huenda watu walinong'ona kweli. Huenda kinywa kile kilifunguliwa ili kiseme hapana.

"Esta akamwulize," alisema Marta.

"Esta hapana." Mtoto hawezi kutumwa kwenda kuchukua hukumu yake mwenyewe, Tupokigwe aliwaza, na kabla hajafikiri zaidi miguu ilikuwa inateremka kijitoni.

Pale ukingoni alikuwa amefungwa mbuzi wake, jike mwenye pembe moja. Ng'ambo, nyuma ya migomba, kulisikika mzee akikohoa uani kwake. Tupokigwe akajifunika kanga usoni, akakipa kijito mgongo, akapiga magoti mbele ya mbuzi. Hakuna aliyemfundisha alilolifanya, na mila haikuwa imelikataza, labda kwa sababu haikuwahi kulifikiria.

"Wewe mbuzi," alisema, kwa sauti ya mtu anayeita watu wa kilima kingine. "Nisikilize vizuri. Kuna mgeni wa Iringa ameandika karatasi. Ameandika kwamba babu yake Esta amekataa mjukuu wake aende shule."

Mbuzi alitafuna. Kikohozi ng'ambo kikakatika.

"Mimi sina neno naye, mbuzi. Ni mzee wangu. Lakini mtoto amekaa juu ya sanduku, amevaa sare. Akina mama wametia konzi zao, wengine wana watoto wenye njaa, wakatia. Nataka kujua tu. Kama amekataa, nikamvue sare mwenyewe kwa mikono yangu. Amekataa?"

Maji yalipita. Tupokigwe alihisi machozi yakimchoma, akauma kanga.

Kisha sauti ikatoka migombani, nzito na ya ghadhabu. Katika miaka kumi na minne ilikuwa haijawahi kumlenga yeye. Hata sasa ilimlenga mbuzi.

"Mbuzi wee! Nani amesema nimekataa? Nilimwambia lini? Yule mama aliniuliza, nikafungua kinywa niseme ndiyo, mara nikaona... nikaona kile nilichokiona. Ningefanya nini? Nisimame pale nikikodoa macho kama mtu aliyelelewa na nguruwe?"

Tupokigwe alianguka makalio chini, palepale kwenye tope. Alitaka kucheka, akalia. Alitaka kulia, akacheka. Mbuzi alimtazama, akaendelea na majani yake.

"Mbuzi," alisema alipoipata sauti yake, "basi linaondoka Uyole saa sita. Mgeni anataka kusikia kwa masikio yake."

"Mbuzi," ilijibu sauti, na tayari ilikuwa inakwenda, "sasa mbona unatuchelewesha?"

*

Walikwenda Uyole kwa njia mbili. Tupokigwe, Esta na akina mama watano wa kapu walishika barabara kuu, sanduku likihama kutoka kichwa hadi kichwa. Mzee alipita njia ya juu, katikati ya mashamba ya Wasafwa. Mara kwa mara Esta alisimama, akaangalia kilimani, akasema, "Babu anatupita." Akina mama wakaongeza mwendo.

Basi lilikuwa tayari limesimama njia panda, watu wanapandisha magunia. Mama Evarista alikuwa ameketi kwenye benchi barazani mwa duka, daftari mapajani. Alipomwona Tupokigwe macho yake yalijaa huruma.

"Pole, mama. Usijitese. Mzee kama yule hashindwi kwa machozi."

"Mzee amekubali," alisema Marta.

"Yuko wapi?"

"Nyuma ya duka."

"Kama amekubali, mbona asije hapa?" Mama Evarista alisimama. "Mnaona? Anakimbia tena. Jamani, nimewaambia, lazima niwaone mama na mzee wote wawili mbele yangu. Shule nimeiahidi hivyo. Siwezi kusema uongo kwa ajili ya mtoto mmoja nikawaharibia watoto wote."

Marta alitazama wenzake. Kisha akaanza kucheka, cheko la mwanamke mnene mwenye uchovu wa barabara, na ilimbidi akae ngazini ndipo aweze kueleza. Alieleza kila kitu, ibada ya asubuhi na ya mchana, kijito, miaka kumi na minne, shuka kichwani, kanga usoni. Kadiri alivyoeleza ndivyo uso wa Mama Evarista ulivyozidi kuiva.

"Mungu wangu," alisema. "Kwetu Iringa mtu akikukimbia, amekukimbia."

"Hata kwetu," Marta alisema. "Isipokuwa mkwe."

"Nami nikamwita! Nikampungia mkono!" Alijifunika uso kwa daftari. "Mama Esta, nisamehe. Ningeuliza swali moja tu. Kuuliza si ujinga, nawaambia wasichana kila siku, halafu mimi mwenyewe..." Hakumaliza. Lakini alipoliondoa daftari alikuwa katibu tena. "Hata hivyo, ahadi ni ahadi. Lazima niwaone wote wawili."

Dereva alipiga honi ya kwanza. Tupokigwe aligeuka kutazama basi. Kutoka Ilomba mpaka hapa, kisha mlango ufungwe na heshima yake mwenyewe? Alimtazama Esta, na Esta akafanya jambo alilolifanya maisha yake yote, akaingia katikati. Alipiga magoti, akafungua sanduku, akalitoa blanketi la kijivu lenye mstari mwekundu.

Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Akina mama wawili walishika pembe za juu, wawili za chini, blanketi likasimama barazani mithili ya ukuta. Tupokigwe akakaa upande huu, kichwa chini. Upande wa pili akasikia nyayo na pumzi za mtu aliyepanda kilima kwa haraka. Mama Evarista alisimama kwenye ukingo wa blanketi, jicho moja huku, jicho moja kule.

"Haya," alisema. "Kuwaona, nawaona. Mzee, unakubali mjukuu wako aende shule Iringa, na hakuna mtu wa ukoo wako atakayemfuata kumrudisha?"

"Nakubali," ilisema sauti, karibu kabisa, pumzi yake ikitikisa blanketi. "Na atakayemfuata apite kwangu kwanza. Mika mwanangu hakusoma, akaenda kuchimba mashimo. Mtu anayejua kusoma angeyasoma maandishi ya tahadhari kwenye mti waliouweka pale. Sikukataa, mama. Mwaka wote huu nasubiri kuulizwa."

Tupokigwe alikuwa hajui habari za mti wala tahadhari. Habari hizo mzee alizibeba peke yake miaka tisa, kwa kuwa haziwezi kupitishwa kwa mdomo wa mtoto.

Karatasi ikapita chini ya blanketi, wino ukapita, dole gumba la mama likakaa kando ya dole gumba la babu. Mama Evarista alikata neno "amekataa" mistari miwili, akaandika "amekubali" kwa herufi kubwa. Marta akaiomba kalamu, akaandika jina lake chini, ingawa hapakuwa na nafasi ya shahidi.

Kisha kitu kingine kikasukumwa chini ya blanketi, polepole, mpaka kikagusa vidole vya Tupokigwe. Lilikuwa jembe. Mpini wake ulikuwa mpya, mweupe, umechongwa ukalainishwa, mfupi wa kutosha mikono ya mtoto. Lakini chuma alikitambua kabla hajakigeuza. Kona moja ilikuwa imemegeka. Mika aliimega kwenye jiwe mwaka waliooana, akifungua shamba lao la kwanza, akatukana jiwe, kisha akamtazama mkewe akacheka.

Kwa hiyo siku ile juu ya gogo, mgeni alipofika na swali lake, mzee alikuwa anachonga jibu.

Tupokigwe aliliweka jembe mapajani, machozi yakashuka bila kuzuiwa. Alimvuta Esta sikioni. "Mwambie babu yako, ndaga fijo."

"Amesikia, mama."

"Mwambie."

Esta akachungulia kwenye ukingo wa blanketi. "Babu, mama anasema asante sana."

"Mwambie mama yako," sauti ilisema, na ilikuwa imepwaya kidogo, "asilowanishe blanketi la watu."

Honi ya pili ikalia. Blanketi likakunjwa haraka, mzee akiwa ameshazunguka nyuma ya duka. Esta akapandishwa pamoja na sanduku na jembe, na Mama Evarista akamkalisha dirishani, upande wa kuona watu wake. Basi liliposhika barabara ya Iringa, mtoto alipunga mkono barazani, kisha akapunga nyuma ya duka, kisha barazani tena, mpaka vumbi likamficha.

*

Jumatatu alfajiri Tupokigwe aliteremka kijitoni na ndoo. Nyumba ilikuwa kimya, na moyoni alikuwa na jambo moja lililomsumbua: akiugua, au mzee akiugua, nani atapeleka habari? Alikohoa kama kawaida, ili aliye ng'ambo ajue na kujiondoa.

Hakusikia nyayo zikiondoka. Alisikia mtu akisafisha koo nyuma ya migomba.

"Mbuzi," ilisema sauti. "Ugonile?"

Ni salamu ya asubuhi ya kwao, ya kumwuliza mtu kama amelala salama. Mbuzi hakujibu.

"Mbuzi, basi mwulize mama Esta kama yeye amelala."

Tupokigwe aliweka ndoo chini, akajifunika kanga, akampa mbuzi uso wake. Akamwambia kwamba amelala vizuri, amelala mpaka kukakucha, kwa mara ya kwanza tangu mwaka ule wa Lupa.